Kelele ziko Washington, mkasi uko distrikti

Kuna voisi noti moja imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili huku Marekani, mi mwenyewe nimetumiwa na watu watatu ambao hata hawajuani, na ujumbe ni ule ule: Trump kafunga Wizara ya Elimu, kwa hiyo elimu maalum imekufa, watoto wenye usonji, wasiosikia, wanaochelewa kuongea, wote wanarudishwa nyumbani, jiandaeni. Naelewa kwa nini watu wameshtuka, na sisemi waliotuma walikuwa na nia mbaya, ila wametushikisha hofu kwenye mlango ambao sio. Sheria inayompa mtoto wako haki ya elimu maalum haijafutwa na rais hawezi kuifuta kwa kalamu. Kinachopungua ni watu wa kuisimamia hiyo sheria. Na mabadiliko yatakayomgusa mtoto wako hasa, yale ya kuondolewa msaidizi wake au darasa lake kuhamishwa jengo, hayaamuliwi Washington kabisa, yanaamuliwa kwenye ofisi ya distrikti, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo lako, kilomita tatu kutoka unapoishi, yanakuja kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya begi la mtoto, na sisi wengi hiyo karatasi hatuisomi.

Turudi nyuma kidogo. Sheria yenyewe siku hizi inaitwa IDEA, Rais Gerald Ford aliisaini tarehe 29 Novemba 1975 ikiwa na jina lingine, hili la sasa likaja 1990. Kabla yake shule ya umma iliweza tu kumwambia mzazi mtoto wako hatumuwezi, rudi naye, na mambo yakaishia hapo, bunge lenyewe wakati linaandika ile sheria lilisema zaidi ya watoto milioni moja wenye ulemavu walikuwa hawaingii kabisa kwenye shule za umma. Mwaka wa shule wa 2022 kwenda 2023 waliohudumiwa, kuanzia miaka 3 hadi 21, walikuwa kama milioni 7.5, yaani karibu asilimia 15 ya wanafunzi wote wa shule za umma. Na hapa Waswahili tunajichanganya, maana mtu aliyekulia Dar akisikia elimu maalum kichwani inamjia Shule ya Viziwi Buguruni, au shule ya bweni mbali huko ambako mtoto anapelekwa halafu anaonekana likizo. Huku kundi kubwa kuliko yote ni watoto wa kawaida kabisa kwa kuwatazama ambao wana shida ya kujifunza, kwa mfano kusoma, wakifuatiwa na wenye shida ya kuongea na lugha, na wengi wanakaa darasa moja na wenzao sehemu kubwa ya siku. Kwa kweli neno zuri la hiyo hali tunalo wenyewe siku nyingi, pale Dar kuna shule inaitwa Uhuru Mchanganyiko, na "mchanganyiko" inaeleweka kuliko maneno yote wanayotumia wataalamu wa huku. Roho ya mambo yote ni IEP, mpango wa maandishi wa mtoto mmoja mmoja, unaosema atafundishwa nini, dakika ngapi kwa wiki, na nani, atakaa wapi, na lazima upitiwe angalau mara moja kwa mwaka na mzazi akialikwa mezani.

Sasa 2025 kilitokea nini. Tarehe 11 Machi wizara ilitangaza kupunguza wafanyakazi karibu nusu, kutoka kama 4,100 hadi kama 2,200, na ofisi 7 kati ya 12 za kanda zinazopokea malalamiko ya ubaguzi shuleni zikafungwa. Tarehe 20 Trump akasaini amri ya kuanza kuivunja wizara, kesho yake akasema mambo ya watoto wenye mahitaji maalum yataenda Wizara ya Afya, kwa waziri Robert F. Kennedy Jr.. Watu wakaenda mahakamani, tarehe 14 Julai Mahakama ya Juu ikaruhusu upunguzaji uendelee wakati kesi inaendelea. Halafu Oktoba, serikali ikiwa imefungwa kwa kukosa bajeti, wafanyakazi 466 wa wizara wakapewa barua za kuachishwa, wakiwemo karibu wote wa ile ofisi inayosimamia elimu maalum, na hapo ndo voisi noti ikapata mbawa. Ambacho voisi noti haikusema ni kwamba tarehe 12 Novemba serikali ilipofunguliwa, sheria ile ile iliyoifungua ilizirudisha nyuma zile barua za Oktoba, na wizara ilipotangaza wiki iliyofuata kwamba inagawa baadhi ya shughuli zake kwa wizara nyingine, elimu maalum haikuwemo. Yaani habari ilienda mbele ikarudi, ikaenda tena ikarudi, lakini kwenye grupu zilifika zile za kwenda mbele tu.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndo kuna ufunguo wa kuelewa kwa nini nasema mkasi hauko Washington. Mwaka 1975 serikali kuu iliahidi kwamba itafika siku italipa hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi mmoja, kwa ajili ya kila mtoto wa elimu maalum. Miaka hamsini imepita hiyo asilimia 40 haijawahi kuonekana, inayolipwa haifiki hata 15. Ni kama dola bilioni 14 kwa mwaka, ukiisikia ni hela nyingi, lakini iliyobaki yote inabebwa na jimbo na distrikti yako, na hela ambazo distrikti inakusanya yenyewe kwa sehemu kubwa zinatoka kwenye kodi ya majengo. Kwa hiyo anayeamua kama shule ya mwanao itakuwa na mtaalamu wa kuongea siku tano au siku mbili ni bodi ya watu wachache wanaokutana jioni kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, na mara nyingi viti vingi viko wazi.

Chukua mfano wa St. Louis, Missouri, ambako kuna distrikti ya aina yake, inaitwa Special School District ya St. Louis County. Wananchi wa kaunti waliipigia kura 1957, miaka 18 kabla ya Ford kusaini chochote, wakakubali kujitoza kodi kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Distrikti hii haina mtaa wake kama nyingine, inahudumia distrikti 22 za kaunti nzima, walimu wake wanakaa ndani ya shule za wenzao, na ina shule zake chache kwa watoto wenye mahitaji makubwa zaidi. Faida yake inaonekana, distrikti ndogo isiyo na hela inapata mtaalamu sawa na distrikti ya matajiri, na mtoto akihama mtaa ndani ya kaunti huduma haikatiki sana. Hasara yake mzazi anaikuta siku ana malalamiko, anamkuta mwalimu mkuu anasema yule mwalimu wa mtoto wako sio mfanyakazi wangu, nenda kwenye ile distrikti nyingine, ile nyingine nayo inasema ratiba ya shule anapanga mwalimu mkuu. Na bado kuna mtego wa mji wenyewe. Mji wa St. Louis na kaunti viliachana tangu 1876, kwa hiyo ukitoka kwenye apatimenti ya mjini ukahamia ng'ambo ya mpaka, dakika kumi tu na gari, mwajiri wa mwalimu wa mwanao kabadilika, faili limebadilika ofisi. Kisheria distrikti mpya inatakiwa impe mtoto huduma zinazolingana na zile za IEP ya zamani mpaka waikubali au waandike mpya. Wangapi kati yetu tunajua hilo? Tunahama kwa ajili ya kodi ya nyumba, mambo ya faili tunadhani yanajiendea yenyewe.

Nimekaa sana hapo kwa sababu nataka uone mabadiliko ya programu yanavyokuja kikawaida. Hayaji kwa jina la "tumekata". Yanakuja kwa jina la kuboresha: programu mbili zinaunganishwa, darasa linahamia shule nyingine kuanzia Agosti, msaidizi aliyekuwa na mtoto mmoja sasa atakuwa wa watoto wote wa darasa, mtaalamu atakuwa anakuja kwa video. Na kisheria kuna tofauti moja ndogo ambayo wazazi wengi haiwaingii akilini, wala mimi haikuniingia mara ya kwanza: kubadilisha huduma iliyoandikwa kwenye IEP ni kitu kimoja, kubadilisha jengo ambamo huduma ile ile inatolewa ni kitu kingine. Cha kwanza hakiwezi kufanyika bila mzazi kushirikishwa, na lazima apewe notisi ya maandishi. Cha pili distrikti nyingi zinasema ni uamuzi wa kiutawala tu, na mahakama mara nyingi zimewaunga mkono.

Hawaii walienda mbali zaidi. Mwaka wa shule wa 2009 kwenda 2010 jimbo liliishiwa hela likafunga shule Ijumaa 17, wazazi wa watoto wenye ulemavu wakaenda mahakamani wakasema mmewabadilishia watoto wetu mpango bila kutuuliza, mahakama ya rufaa ikawajibu hapana, Ijumaa imefungwa kwa watoto wote sawa, hilo sio badiliko la mpango wa mtoto mmoja. Soma hiyo hukumu taratibu halafu uniambie mkasi unakata vipi. Ukikata kwa mtoto mmoja umevunja sheria, ukikata kwa wote kwa pamoja umepitisha bajeti.

Mwaka jana nilimsindikiza mama mmoja kwenye miting ya IEP ya mtoto wake, kijana wa miaka tisa mwenye shida ya kuongea, mama ni wa Uvira, Kongo, kakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuja huku, tumwite Mama Neema. Mkalimani alikuwa kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza, sauti inakatika katika, Kiswahili chake kizuri tu cha vitabuni. Ikafika mahali mkuu wa kikao akasema wanapendekeza kubadilisha kile wanachokiita placement, mkalimani masikini akatafsiri "uwekaji wa mtoto utabadilishwa". Mama Neema akanigeukia uso umebadilika, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ndugu, banataka kumuweka wapi mutoto wangu?" Alichosikia yeye ni mtoto kuchukuliwa. Na ukiwa mkimbizi huku umeshasikia hadithi za watoto waliochukuliwa na serikali, hilo ndo la kwanza kukujia. Kumbe walikuwa wanazungumzia dakika ngapi kijana atakaa nje ya darasa la kawaida, na kwamba yule msaidizi aliyekuwa anakaa naye sasa atagawanywa kwa madarasa matatu. Dakika thelathini na tano miting imekwisha, kasaini. Alisaini kwa sababu alidhani asiposaini watamchukua. Nilipoangalia ile karatasi kwenye gari, sahihi yake ilikuwa kwenye ukurasa wa waliohudhuria tu.

Sasa tusikilize wanaosema wizara ivunjwe, maana wana hoja na mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Wanasema serikali kuu inatoa asilimia kiduchu ya hela lakini inadai makaratasi kama inalipa yote, na mwalimu wa elimu maalum anamaliza jioni zake akijaza fomu badala ya kuandaa somo. Ni kweli, muulize mwalimu yeyote wa hiyo kazi. Wanasema pia aliye karibu na mtoto anamjua kuliko mtu wa Washington, na hilo nalo ni kweli, ile distrikti ya St. Louis ilizaliwa na watu wa pale pale bila kusukumwa na mtu. Lakini wanapoendelea na kusema majimbo yatajisimamia yenyewe, hapo hoja inachoka. Texas ilishajibu hilo swali. Mwaka 2004 maafisa wa elimu wa jimbo waliweka kipimo kwamba distrikti nzuri ni ile ambayo wanafunzi wake wa elimu maalum hawazidi asilimia 8.5. Hakuna mtoto aliyepona, kilichotokea ni kwamba shule ziliacha kuwapima, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 13. Ilienda hivyo miaka zaidi ya kumi, mpaka gazeti la Houston Chronicle likaandika 2016, ndo wachunguzi wa wizara wakashuka, na Januari 2018 wakasema wazi kwamba Texas imevunja sheria. Angalia mpangilio wake: jimbo lenyewe ndo lilikuwa na kosa, kwa hiyo mzazi wa Houston angemlalamikia nani? Na Houston Waswahili wapo wengi.

Kwa hiyo wanaosema "sheria ipo, tulieni, hakuna kitakachobadilika" nao wanatudanganya kwa upande wao. Wakaguzi wakipungua sheria inabaki kitabuni inasomeka vizuri, ila kila distrikti inajua uwezekano wa kuulizwa umepungua. Mzazi mwenye hela atatafuta wakili, hao sina wasiwasi nao, wamekuwa wakifanya hivyo siku zote. Mzazi aliyekuwa anategemea kulalamika bure, kwa kujaza fomu ya wizara, ndo kapunguziwa mlango.

Kuna hoja nyingine inatoka humu humu ndani kwetu, na hii ndo inaniumiza zaidi: kwamba afadhali elimu maalum ife, kwa sababu watoto wetu wanabandikwa majina, mtoto hajui Kingereza tu basi anaambiwa ana tatizo la akili. Siwezi kukataa kwamba hilo linatokea. Kupachika watoto weusi na wahamiaji kwenye elimu maalum kupita kiasi ni tatizo ambalo hata bunge la Marekani limelikubali ndani ya sheria yenyewe. Lakini sheria hiyo hiyo ndo inayosema mtoto apimwe kwa lugha yake, na kwamba kutojua Kingereza peke yake hakuwezi kuwa sababu ya kumwita mlemavu, na kwamba usiporidhika na kipimo chao unaweza kudai kipimo cha mtu wa nje kwa gharama ya distrikti, wao wakikataa lazima wapeleke kesi wakajieleze. Ukifuta hiyo sheria shule itaendelea kumpachika mwanao jina vile vile, ila sasa wewe utakuwa huna pa kushika. Na kuna upande wa pili ambao hatuuzungumzi, wale watoto wetu wenye shida ya kweli ambao wanaachwa miaka miwili mitatu kwa sababu mwalimu anasema "ni lugha tu, atazoea", na nyumbani nako tunasema baba yake pia alichelewa kuongea.

Ukishaona hivyo unaona pia jicho liwekwe wapi. Mwaka wa fedha wa distrikti nyingi unaanza tarehe 1 Julai, ina maana bajeti inajadiliwa kuanzia baridi mpaka Mei, na miting nyingi za IEP zinabanana humo humo kwenye miezi ya Machi, Aprili. Sio bahati mbaya kwamba mapendekezo ya kupunguza dakika yanakuja msimu huo. Mzazi ana haki ya mkalimani wa kueleweka kwenye miting, na distrikti ikitaka kubadilisha mpango au ikikataa ombi lako lazima ikuandikie notisi kabla ya kutekeleza, kwa lugha yako pale inapowezekana, na notisi hiyo ieleze sababu, imetumia taarifa gani, na ilifikiria njia gani nyingine ikaziacha na kwa nini. Na hapa nirekebishe kitu ambacho watu wengi wanaambizana: kukataa kusaini peke yake hakuzuii kitu kwenye majimbo mengi, ridhaa yako inahitajika kwa hakika kwenye kupimwa na kuanza huduma kwa mara ya kwanza, baada ya hapo distrikti inaweza kuendelea. Kinachosimamisha ni kufungua shauri rasmi, ukishafungua mtoto anabaki pale alipo na huduma zake mpaka liamuliwe. Malalamiko kwa jimbo ni njia nyepesi zaidi, hayahitaji wakili, jimbo lina siku 60 kujibu, ila yaandikwe ndani ya mwaka mmoja wa tukio, na yenyewe hayamfanyi mtoto abaki pale alipo.

Mama Neema aliomba ile notisi kwa maandishi. Ilimchukua wiki tatu na kwenda ofisini mara mbili, mara ya pili na mtoto mdogo mgongoni, ikaja kurasa nne za Kiswahili cha mashine, "uwekaji" imo mara kumi na moja tumeihesabu. Kwenye sababu wameandika upungufu wa wafanyakazi, ambayo ni shida yao wao, haituambii chochote kuhusu kijana anahitaji nini. Kwenye kile kisanduku cha njia nyingine zilizofikiriwa kuna neno moja, "Hakuna". Kalipigia mstari kwa bic nyekundu, kalikunja lile karatasi kaliweka kwenye mfuko ule ule wa plastiki anaotunzia makaratasi ya kambini, miting nyingine ni mwezi ujao na safari hii kaomba mkalimani akae mezani, asiwe kwenye simu.